Kiti cha Marehemu

Soksi ya mwalimu ilikuwa imetoboka. Hicho ndicho kitu cha kwanza Belyse alichokiona kupitia upenyo wa mlango wa kabati, kwa sababu pale alipochuchumaa hakuweza kuona zaidi ya miguu ya watu. Mwalimu alikuwa amevua viatu mlangoni bila kuambiwa, na kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilichungulia nje, kikitikisika kila alipozungumza. Belyse alishangaa. Alidhani watu wanaokuja kuhesabu watu huvaa soksi nzima.

Kabati lilikuwa la ukutani, pale sebuleni, la kuwekea makoti. Ndani yake mlikuwa na makoti manne, ufagio, sanduku lisilo na gurudumu moja, gunia dogo la mchele, na Belyse. Goti lake moja lilikuwa juu ya mchele.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na aliyemwambia aingie humo alikuwa kaka yake.

*

Barua ilikuja Jumatatu ndani ya mkoba wa Véronique, imekunjwa mara nne na kupakwa siagi ya karanga. Véronique alikuwa na miaka tisa na ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba. Baba yake, Nicodème, kaka yake Belyse, alimaliza kidato cha nne katika kambi ya wakimbizi Tanzania, lakini Kiingereza cha barua za Houston, Marekani, kilimtoa jasho. Mama yake, Capitoline, alisafisha vyumba vya hoteli, na karatasi yoyote iliyoingia ndani aliiita tatizo.

“Tatizo gani leo?” aliuliza, akikoroga maharage.

“It's from the union,” Véronique alisema. “Chama cha walimu. Wamepata grant.”

“Grant ndiyo nini?”

“Pesa. Lakini ya project. Walimu wanakuja nyumbani, Jumamosi saa nne.”

“Nyumbani kwa nani?”

“Kwetu, mama.” Véronique alifuata mstari kwa kidole. “Wanataka kujua watu wote wanaokaa humu.”

Capitoline aliacha kukoroga. Nicodème, aliyekuwa anavaa viatu vya kazini, alibaki na kamba mkononi.

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Sharpstown, ghorofa ya pili, vyumba viwili. Mkataba wa kupanga ulikuwa na majina manne: Nicodème, Capitoline, Véronique, na Thierry aliyekuwa na mwaka mmoja na kitu. Belyse hakuwemo. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka mji wa Euless, alikokuwa akikaa kwa binamu yao Émile, aje amlee Thierry miezi mitatu. Miezi mitatu sasa ilikuwa imefika kumi na minne. Na mwezi uliopita tu, meneja wa jengo alibandika karatasi ya kuwahamisha kwenye mlango wa majirani wa chini kwa sababu walikuwa na watu wasioandikwa kwenye mkataba. Baadaye godoro la wale majirani lilionekana kwenye nyasi karibu na pipa la taka, na mvua ikalinyeshea siku mbili kabla mtu hajaliondoa.

“Ni uhakiki,” Nicodème alisema.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kambini, makarani walipita nyumba kwa nyumba na madaftari yao wakihesabu vichwa, na unga ulitolewa kwa idadi ya vichwa. Siku ya uhakiki watu waliazimana watoto.

“Kule tuliazima watu,” Nicodème alisema. “Hapa tunawaficha. Mama Véro, Jumamosi Belyse asionekane.”

“Aende kwa jirani?”

“Jirani gani? Kila mtu humu ana mtu wake wa kuficha.”

Belyse alikuwa kwenye sakafu akimbadilisha Thierry nepi. Alitaka kusema kwamba hawa si makarani, ni walimu. Kwamba yeye humpeleka Véronique kila asubuhi na kumchukua kila mchana, na kwamba mwalimu wa mtoto humpungia mkono kutoka dirishani. Maneno yalikuwa yamejipanga vizuri kichwani. Kinywani yakatoka mawili.

“Sawa, kaka.”

Jumamosi asubuhi Capitoline alipita nyumba nzima akiondoa dalili za Belyse. Alichukua mswaki. Alichukua kanga iliyokuwa ikikauka bafuni. Alisukuma godoro lake chini ya kitanda kwa mguu, kisha akarudi na kutoa nywele mbili kwenye chanuo, akazifunga kwenye karatasi ya chooni na kuzitupa. Belyse alimtazama akifanya hivyo. Hakujua kwa nini zile nywele mbili ndizo zilizomuuma.

*

Mwalimu wa Véronique aliitwa Bi Herrera. Alikuja na Wawira, Mkenya aliyefanya kazi kwenye ofisi ya shule, ambaye chama cha walimu kilimlipa ili atafsiri. Capitoline aliwawekea chai ya maziwa, maandazi, soda na karanga, vyote kwa pamoja, na akasimama nyuma ya kiti cha mumewe kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

“Keti basi, Mama Véronique,” Wawira alisema. “Hii chai yako ni tamu, aki. Mwalimu anasema tukianzia kwako kila wiki, kwa maandazi haya hatutafika nyumba nyingine.”

Capitoline alicheka. Nicodème hakucheka. Alikuwa na bahasha kubwa magotini, na ndani yake mlikuwa na mkataba wa nyumba, vyeti vya chanjo, kadi za kazi, na picha nne za kila mtu.

“Weka hizo karatasi, baba. Hatujatumwa na meneja. Hatujatumwa na serikali. Ni walimu tu. Chama chao kimepata ruzuku kidogo kutoka kwa chama kikubwa cha nchi nzima, ya kutembelea wazazi, na ya jambo lingine nitawaambia sasa hivi. Mwalimu anauliza: mna matumaini gani na huyu mtoto?”

“Tuko wanne,” Nicodème alijibu.

“Sijauliza mko wangapi.”

“Wanne. Hata mkataba unasema.”

Wawira alimtazama, kisha akaona afadhali anywe chai.

Thierry ndiye hakuambiwa chochote kuhusu uhakiki. Alitambaa hadi kwenye kabati, akakaa mbele ya mlango na kuanza kuupiga kwa viganja. “Zi!” aliita, kwa sababu ndivyo alivyoweza kutamka shangazi. “Zi! Zi!” Belyse aliona vidole vyake vinene vikiingia chini ya mlango, vikimtafuta. Aliweka ncha ya kidole chake juu ya vile vya mtoto ili anyamaze, na mtoto akacheka kwa nguvu.

“Anaupenda sana huo mlango,” Capitoline alisema, akamnyanyua.

Ndipo Bi Herrera akaanza kuzungumza, kwa muda mrefu, mikono ikienda huku na huku. Wawira alisubiri amalize.

“Anasema hivi. Véronique ameandika insha darasani. Walipewa waandike kuhusu mwalimu wanayempenda. Wengine waliandika kuhusu yeye mwenyewe Bi Herrera, si unajua watoto wanavyotafuta maksi. Huyu wenu aliandika kwamba mwalimu ni yeye, na mwanafunzi wake ni shangazi yake. Kwamba kila jioni wanasoma pamoja kitabu cha maktaba, na shangazi hufuata maneno kwa kijiti cha kiberiti. Mwalimu alilia. Sasa hiyo ruzuku inalipia darasa la watu wazima pale shuleni, Jumanne na Alhamisi, baada ya watoto kutoka. Ni la watu wa nyumbani ambao hawakumaliza shule. Wenye watoto wadogo watashikiwa. Kuna viti kumi na viwili tu, na majina yanapelekwa Ijumaa. Kiti kimoja amemwekea huyo shangazi. Tumekuja kumwomba akubali. Belyse. Yuko wapi?”

Katika giza la kabati, Belyse alisikia jina lake. Hakuna mtu wa shule aliyekuwa amelitamka kwa miaka kumi na miwili. Alishika mkono wa koti la Nicodème lililoning'inia usoni pake na kuuminya.

Nicodème alimtazama Véronique, na Véronique akatazama chini. Kambini pia walikuwa wakianza hivyo. Karani alitaja blanketi kwanza. Ukishasema idadi ya kweli ya watu wako ili upate blanketi, ndipo kalamu inapotoka.

“Hakuna mtu kama huyo,” Nicodème alisema.

“Yule dada mwembamba anayemleta Véronique asubuhi?” Wawira aliuliza.

“Yule ni jirani.”

“Alikuwa mgeni,” Capitoline alisema wakati huohuo. “Alisharudi.”

Wawira alicheka kidogo. “Sasa ni jirani ama ni mgeni?”

Bi Herrera, ambaye hakuelewa neno lolote, alifungua begi lake atoe kitu, na kilichotangulia kutoka kilikuwa kalamu. Capitoline aliiona. Alikuwa ameona kalamu kama hiyo mara nyingi, na alijua jibu moja tu ambalo humfanya karani aache kuuliza. Karani hupiga mstari juu ya jina na kwenda nyumba inayofuata. Haulizi tena.

“Amefariki,” Capitoline alisema.

Wawira aliweka kikombe chini.

“Amefariki? Nani, Belyse? Nilimwona Alhamisi akivuka barabara na huyu mtoto!”

“Ijumaa,” Capitoline alisema. “Ghafla.”

“Uuwi!” Wawira alishika kichwa. Kisha akageuka akamwambia mwalimu, na Belyse akaona ule mguu wenye soksi iliyotoboka ukikaza, kidole kikajikunja ndani kama kilichochomwa.

“But she's...” Véronique alianza. Mkono wa baba yake ukatua begani. Mtoto akaanza kulia kweli, na mwalimu akapiga magoti sakafuni, akamkumbatia, akalia pamoja naye. Alilia bila kuficha uso. Alipoondoka aliacha mezani kile alichokuja nacho kwenye begi: mkoba mpya wa bluu, madaftari mawili, na kadi iliyoandikwa BELYSE kwa herufi kubwa.

Ndani ya kabati, Belyse alijishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, kama wauguzi wanavyofanya, akasubiri. Palikuwa panapiga.

*

“Umemuua dada yangu!” Nicodème alisema mara tu mlango ulipofungwa.

“Na wewe ulimfanya jirani!”

“Jirani anarudi, Mama Véro! Maiti anarudi?”

“Kalamu ilikuwa imeshatoka. Hukuiona?”

“Ilikuwa kalamu ya kumpa yeye!” Aliinua mkoba wa bluu. Kalamu ilikuwa humo ndani, mpya, na utepe umefungwa. Capitoline alikaa kwenye mkono wa kochi, akaitazama ile kalamu, na taratibu uso wake ukabadilika. Belyse alikuwa amesimama mlangoni pa kabati, na alama za mchele gotini.

“Wifi,” Capitoline aliita hatimaye, bila kumtazama. “Njoo ule.”

Alimpa firigisi, ambayo siku zote ilikuwa ya Nicodème. Belyse alikula. Hakuna aliyejua mtu husema nini katika hali hiyo, kwa hiyo walizungumza kuhusu chumvi.

“Tutawaambia ukweli,” Nicodème alisema baadaye. “Mambo yakitulia.”

“Majina ni Ijumaa,” Belyse alisema, kwa sauti ndogo sana hivi kwamba ilibidi airudie.

“Nimesikia. Lakini fikiria. Tukisema tulidanganya, watauliza kwa nini. Tukisema ni kwa sababu ya mkataba, itafika kwa meneja. Unataka watoto walale kwenye nyasi?”

“Hapana, kaka.”

“Basi. Na hata hivyo shule hukuipenda. Uliacha mwenyewe, darasa la nne.” Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemfariji mwenzake. Ndivyo ilivyokuwa ikisemwa katika ukoo wao siku zote, hata Émile kule Euless alisema hivyo: Belyse aliacha shule, hakuwa mtu wa vitabu.

Belyse alichukua sahani yake akaenda kuiosha.

*

Jumatatu Nicodème alitoka zamu ya usiku ghalani na kumpeleka Véronique shule mwenyewe, macho mekundu. Mama mwenye kibao cha kuvushia watoto alimwona, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Nicodème naye aliinamisha kichwa. Macho yake mekundu yalidhaniwa ni ya kilio, na aliona aibu iliyomfanya asahau kumpa mtoto chakula chake.

Mchana Véronique alirudi na bahasha ya kadi. Darasa zima lilikuwa limechora: maua, mawingu, malaika mwenye nywele za kusuka. Alizitupa mezani.

“Walinikalisha mbele,” alisema. “Wakanipa ice cream. Kila mtu alinikumbatia, hata Aiman, na Aiman hanipendi.” Kisha akamgeukia Belyse. “Kwa hiyo shangazi uko hai nyumbani tu?”

“Nyumbani tu,” Belyse alisema.

“Mpaka lini?”

Belyse hakutoka nje siku hiyo, wala Jumanne. Takataka ilijaa. Kupitia pazia aliona watoto wa shule wakipita, na mikono yake, ambayo saa hiyo ilizoea kuwa na mkono wa Véronique ndani yake, hakujua aiweke wapi. Jioni walifungua kitabu cha maktaba kama kawaida. Alisoma kurasa tatu kwa kijiti chake cha kiberiti bila kukosea hata neno moja. Véronique hakumpigia makofi kama alivyozoea. Alimtazama kwa hofu, kana kwamba ni kweli amekufa.

*

Jumatano alasiri hodi ilipigwa.

“Hodi, wenyewe! Ni Wawira!”

Belyse alikuwa anachambua mchele. Nicodème aliamka kochini, Capitoline akatoka jikoni, na wote watatu walifanya kila mmoja sehemu yake, kama watu waliozoea. Mlango wa kabati ulifungwa. Ndara za Belyse zilibaki katikati ya sakafu, na Capitoline akazivaa.

Wawira aliingia na sufuria ya maharage, chapati zilizofungwa kwenye taulo, na bahasha. Nyuma yake hakukuwa na mwalimu.

“Bi Herrera hakuweza kuja. Akikumbuka analia. Kwanza poleni tena.” Alipanga vitu mezani. “Hizi chapati ni zangu. Hii bahasha ni ya walimu. Ile ruzuku haiwezi kutumika kwa matanga, chama kimekataa kabisa, ni ya masomo tu. Kwa hiyo walichanga kutoka mifukoni mwao. Mwalimu wa muziki, mpishi, mpaka yule wa kufagia. Chukua, Baba Véronique.”

Nicodème hakunyoosha mkono.

“Chukua, si aibu. Msiba ni msiba.”

“Hatuwezi,” alisema.

Wawira aliiweka bahasha juu ya sufuria na kuikandamiza, kama watu wa kwao wanavyomfanyia mfiwa anayekataa. “Kuna lingine, na hili limenileta zaidi. Lile darasa linaanza Jumanne ijayo. Walimu walikutana jana. Kuna watu ishirini wanangoja nafasi. Lakini walipiga kura, na wamekubaliana kile kiti kimoja kisipewe mtu mwaka huu wote. Kitakaa pale mbele, kitupu, na jina lake limeandikwa juu yake. Wameomba chama kiruhusu, na chama kimekubali. Ili wenye nafasi wakumbuke kuna mtu aliyeitaka akaikosa.”

Capitoline alitoa sauti ndogo, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

“Lia, mama, lia. Inasaidia.” Wawira alitoa kikaratasi na kalamu. “Sasa siku hiyo Bi Herrera atasema maneno machache, hataki kukosea. Shule marehemu alifika darasa la ngapi?”

Kabatini hewa ilikuwa na harufu ya makoti na sabuni ya hotelini. Belyse alikuwa amesimama safari hii, kwa sababu hakupata muda wa kuchuchumaa, na kwenye kiganja alikuwa ameshikilia punje za mchele alizokuwa akichambua. Alikiona kile kiti. Kilikuwa cha plastiki ya bluu, mbele ya vingine vyote, na watu kumi na mmoja wakikitazama kwa heshima, huku yeye yuko ng'ambo ya barabara nyuma ya pazia.

“La nne,” Nicodème alijibu.

“Pole. Alitolewa na vita?”

“Hapana, tulikuwa tumeshafika kambini. Unga ulikuwa unatolewa saa za shule, foleni ya kutwa nzima, na mimi nilikuwa nakaribia mitihani, ikabidi yeye...” Hakuwahi kuyasema hayo yote kwa mpangilio huo, na yalivyotoka yalimshtua. Akayakwepa, akarudi kwenye maneno aliyoyazoea. “Andika tu kwamba aliacha mwenyewe. Hakupenda shule.”

Wawira aliinama kuandika.

Mlango wa kabati ulifunguka.

Wawira aliruka, akapiga kelele, na chapati zikaanguka zikabiringika mpaka chini ya kochi. “Yesu! Yesu wangu!” Alirudi nyuma mpaka ukutani, kikaratasi amekishika mbele ya kifua. Capitoline aliketi sakafuni palepale. Ni Thierry peke yake aliyefurahi. Alitambaa mbio akashika mguu usio na ndara, akaita, “Zi!”

Belyse hakumtazama Wawira. Hakutazama bahasha wala mkoba wa bluu. Punje za mchele zilimtoka mkononi, moja moja, zikilia sakafuni. Alikuwa akimtazama kaka yake. Sauti yake ilipotoka haikuwa ndogo.

“Sikuacha shule, kaka. Mlinitoa.”